Geti Lililokwenda Ziara

Vibao vyote vya Kitongoji cha Rạch Bần vilipigiliwa chini chini, usawa wa magoti ya mtu mzima, na hilo lilikuwa wazo la Mzee Tám mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, na jambo hilo alilifikiria sana. Kibao cha kumkataza mtoto, alisema mkutanini, kikiwekwa juu mtoto atakionaje? Basi kila bwawa la samaki, kila ngazi ya kushukia mferejini na kila kasiki la maji ya mvua lililosimama ubavuni mwa nyumba likapata kibao chake cha maandishi mekundu: MTOTO WA CHINI YA MIAKA SITA HARUHUSIWI KUINGIA MAJINI BILA KIBALI CHA MWENYEKITI.

Watoto wa chini ya miaka sita wa Rạch Bần hawakujua kusoma. Mjukuu wake mwenyewe, Tép, wa mwaka na nusu, hata kusema alikuwa hajajua, ukiacha maneno matatu: bibi, wali na maji. Siku alipokiona kibao cha kasiki la nyumbani alikipapasa, akakishika kwa mikono miwili, kisha akakikanyaga na kupanda juu yake ili achungulie ndani. Kilikuwa kimo chake hasa.

"Baba Tín," mkewe alimwambia huku akimteremsha mtoto, "umemtengenezea mtoto ngazi."

"Amekisoma. Ndiyo maana amekishika."

"Amekisoma! Haya, kesho mpe akusomee na gazeti."

Bibi Tám hakuwa mtu wa vibao. Tép alipoanza kutembea, bibi yake alikata mianzi nyuma ya nyumba, akaichonga, akaifunga kwa waya na kutengeneza geti la kuziba mlango wa jikoni. Nyumba yao, kama nyumba zote za pale, ilikaa uso barabarani na mgongo mferejini. Ukivuka kizingiti cha jikoni umefika kwenye ngazi za mbao, na ukishuka ngazi umefika kwenye maji ya kahawia yaliyojaa magugu maji, yanayomfika mtu mzima shingoni. Geti lilimzidi Tép kimo mara mbili, fito zake zilibanana, na komeo lake lilikuwa juu kwa upande wa nje. Mtoto alilitikisa, akalililia, akalitafuna hadi likabaki na alama za meno, mwishowe akalizoea. Kila asubuhi alisimama nyuma yake akiipungia mitumbwi mkono.

Wazazi wa Tép walikuwa mbali, kwenye kiwanda cha viatu huko upande wa jijini, na nyumbani walikuja sikukuu ya mwaka mpya, Tết, tu. Kila jioni Tín, mwana wa Mzee Tám aliyemzaa Tép, alipiga simu ya video, na hata kabla ya salamu alisema: "Mama, nionyeshe geti." Bibi Tám aligeuza simu, geti likaonekana, ndipo Tín akauliza habari za watu. Mzee Tám aliona huo ni utovu wa adabu, mtoto wa kumzaa mwenyewe kulisalimia geti kabla ya baba yake.

Sasa wilaya ikatangaza shindano. Kitongoji ambacho kila nyumba yenye mtoto mdogo ina geti, na kila kasiki lina mfuniko, kingetunukiwa kibao cha shaba: Kitongoji Salama kwa Mtoto Mdogo. Mzee Tám alikitaka kibao hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, pengine kuliko hata alivyomtaka Bibi Tám enzi za ujana wao. Kitongoji cha ng'ambo ya mfereji tayari kilikuwa na kibao cha usafi wa vyoo, na mwenyekiti wao hakuacha kukitaja, hata msibani. Kwa hiyo ofisi ya wilaya ilipopiga simu kuuliza ni nyumba ngapi za Rạch Bần zina mageti, Mzee Tám alijibu papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuyahesabu sasa hivi. Zote.

Ukweli ni kwamba Rạch Bần nzima ilikuwa na geti moja tu, la mkewe.

Hakuona kama amesema uongo. Alijiona ametangulia tu, na mageti yangemfuata. Lakini alipowaambia watu watengeneze, walimcheka. Sisi sote tumekulia kwenye mfereji huu, walisema, nani aliwahi kutufungia? Na kweli, waliosema hivyo ni wale waliokua. Karibu kila ukoo pale una picha ya mtoto mdogo kwenye madhabahu ya mababu, kaka au shangazi aliyebaki na umri uleule, ila picha hainyooshi mkono mkutanini.

Simu ya pili ikaja. Ujumbe wa wilaya ungefika Alhamisi, ukiongozwa na Makamu Mwenyekiti. Ungetembelea nyumba ya Sáu Bền kule mwanzo wa barabara, kisha nyumba ya Bibi Chín, na mwisho ungekula chakula cha mchana kwa mwenyekiti. Mzee Tám aliketi, akanywa chai ya barafu, na mpango mzima ukamjia kichwani. Wageni wangepita barabarani. Geti lingepita mferejini.

Alimwita Út Lượm, jirani yao, kapera wa makamo aliyeuza nazi kwa mtumbwi na ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Yaani Mjomba," Út alisema baada ya kusikiliza, "geti linakwenda ziara."

"Siyo ziara. Ni ukaguzi."

"Na mimi ndiye dereva wake."

"Wewe ni mratibu wa usafiri."

"Loo! Mama yangu angekuwa hai angelia kwa furaha. Na mratibu anakula wapi?"

"Meza moja na wageni, ukiwahi."

Bibi Tám alisikia yote kutoka jikoni. Alikuja na kisu cha kuparia samaki mkononi.

"Geti langu halitoki."

"Mama Tín, ni asubuhi moja tu. Litarudi kabla supu haijachemka."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana nini? Watajaa humu watu wazima chungu nzima. Makamu mwenyewe, mwandishi wa habari, muuguzi wa zahanati! Macho yote hayo! Siku hiyo Tép atakuwa salama kuliko siku zote za maisha yake."

"Macho mengi hayo yatakuwa yanamwangalia nani?"

Jibu lilikuwa "mimi", na Mzee Tám alilijua.

Walibishana hadi Jumatano jioni. Mwishowe Bibi Tám akakubali kwa sharti kwamba yeye atakaa jikoni mlangoni siku nzima, hatabanduka. Mzee Tám aliapa kwa madhabahu ya baba yake kwamba hatambandua.

Alhamisi asubuhi Rạch Bần ilifunikwa. Mifuniko halisi haikuwepo, kwa hiyo makasiki yalifunikwa kwa masufuria, mabeseni, kofia pana za makuti, na kwa Sáu Bền dishi la televisheni, hivyo watu wa nyumba ile wakakosa taarifa ya habari ya asubuhi. Makamu alishuka kwenye gari, mtu mnene mpole aliyekuwa akijifuta jasho na kupenda kila alichooneshwa. Nyuma yake alishuka muuguzi Diễm, akiwa na mwanasesere wa plastiki kwapani. Alikuja kuwafundisha watu namna ya kumpulizia pumzi mtoto aliyezama.

"Binti yangu," Mzee Tám alimwambia huku akimpeleka pembeni, "ratiba imebana kidogo. Hilo la mwanasesere tutaliweka mwishoni, muda ukituruhusu."

"Ni dakika chache tu, Mwenyekiti."

"Ndiyo nasema. Muda ukituruhusu."

Kulikuwa pia na risala ya kusomwa nyumbani kwa mwenyekiti, na risala ilikuwa ndefu. Mzee Tám aliiandika wiki nzima.

Kwa Sáu Bền geti lilisimama mlangoni limefungwa kwa kamba za viatu. Makamu alilitikisa, akapigwa picha akilitikisa, akasema ni kazi nzuri. Wageni walipoketi kunywa chai, Út alilifungua kwa nyuma, akalilaza mtumbwini na kupiga kafi. Kwa Bibi Chín wakalikuta limeshasimama, linadondosha maji kidogo.

"Geti hili kama nimeliona," Makamu alisema.

"Muundo ni mmoja, mheshimiwa, kitongoji kizima. Tumekubaliana kwamba watoto wote ni sawa."

"Safi sana."

Diễm alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye fito. "Na meno nayo ni ya muundo mmoja?" aliuliza.

Mzee Tám alicheka kwa nguvu kupita kiasi, akageuka kumtafutia Makamu kiti. Lakini Makamu hakutaka kiti. Jua lilikuwa kali, tumbo lilikuwa limeanza kunguruma, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa ikija kwa upepo kutoka kwa mwenyekiti. "Chai tumeshakunywa," alisema. "Twendeni tu moja kwa moja."

Mzee Tám alitazama mferejini na hapo ndipo alipoona kosa lake. Maji yalikuwa yamegeuka. Yalikuwa yanajaa, yanapanda kutoka mto mkubwa kwa kasi, na magugu maji yalielea kuelekea kule ambako geti lilikuwa limetoka. Mtu aliyezaliwa juu ya mfereji ule, baba yake amezaliwa juu yake, babu yake amezikwa kando yake, alikuwa amepanga ratiba ya saa nzima nzima ya wageni, chai na makofi, akasahau saa ya maji. Út angelazimika kupiga kafi kinyume cha mkondo, na geti lilikuwa pana likishika maji kila upande.

"Kimbia nalo!" alimnong'oneza Út.

"Nikimbie juu ya maji, Mjomba? Nimekuwa nani leo?"

Nyumbani, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umetoa macho kama pengo la jino. Ungetokea kwenye kila picha. Mzee Tám alifikiri haraka, akateremsha bango la kitambaa lililokuwa barazani na kulitundika pale, likaziba mlango kuanzia juu mpaka karibu na sakafu. Lilipendeza. KITONGOJI CHETU: MAJI NI MENGI, MTOTO HAZAMI. Akaweka kipaza sauti mbele yake.

Bibi Tám alikuwa ameketi pale pale mlangoni, Tép mapajani.

"Mama Tín, nyanyuka kidogo. Uko kwenye picha."

"Uliapa."

"Mgeni rasmi anauliza mama wa nyumba ya mfano yuko wapi. Niseme yuko jikoni na magamba ya samaki? Vaa ile blauzi ya hariri, uje umimine chai mbele. Geti linakuja, lipo njiani. Mtoto mpe mtu amshike."

Watu walikuwa wanatazama. Bibi Tám aliinuka. Hakumsamehe, ila aliinuka, kwa sababu mbele ya wageni mke hambishii mwenyekiti, na wote wawili walijua kwamba mumewe anatumia hilo. Akampa Tép mke wa Sáu Bền. Mke wa Sáu Bền akaitwa kupanga bakuli, akampa mtoto Bibi Chín. Bibi Chín akamweka chini kidogo ili afunge kishikizo, na mwandishi wa habari akampigia mtoto mluzi, na Bibi Chín akadhani mwandishi amemchukua. Mtoto alizunguka chumba kile kama sahani ya ndizi, kila mtu akijua kwamba yuko kwa mwenzake.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Mzee Tám alianza, "itifaki imezingatiwa."

Aliongea vizuri, hilo halina ubishi. Aliongea juu ya mababu waliochimba mfereji kwa mikono, juu ya mtoto kama hazina, juu ya mageti. Makamu alitikisa kichwa taratibu, macho yamefumba nusu. Mzee Tám alikuwa amegeuka ubavu ili aonyeshe bango kwa mkono, akafika kwenye aya aliyoipenda kuliko zote, na hapo ndipo alipoliona bango likitikisika chini, kwenye pindo.

Upepo haukuwepo. Watu wote walikuwa wanajipepea.

Paka, alijisemea. Pindo likainuka kidogo, likashuka. Ndani kabisa mwake kitu kilimwambia kwamba paka haliinui bango juu kiasi kile. Alikisikia vizuri kitu hicho. Lakini aya ilikuwa katikati, Makamu alikuwa ameanza kunyanyua mikono apige makofi, na Mzee Tám akaona amalize sentensi. Akaimaliza. Makofi yakapigwa. Akatabasamu. Akasubiri yaishe.

"Tép yuko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mkewe, siyo ya juu. Alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Yuko kwa Bibi Chín," alisema mke wa Sáu Bền.

"Kwangu? Si alichukuliwa na yule kijana wa kamera!"

"Mimi?" alisema mwandishi.

Hakukuwa na kelele yoyote kutoka nyuma. Hakuna aliyelia, hakuna kilichoanguka. Ndivyo inavyokuwa, mtoto mdogo anaingia majini kimya kama anayeingia kitandani. Birika lilianguka sakafuni na Bibi Tám alikuwa ameshafika kwenye bango na kuling'oa, na mlangoni hapakuwa na kitu ila mwanga na maji, yamejaa hadi ngazi ya juu kabisa, yamefika karibu na kizingiti, yakingoja.

Huko mferejini Út Lượm alikuwa anakuja, anahema, geti limelala kwenye mtumbwi kama mgonjwa, anatukana mkondo na mwenyekiti kwa zamu. Aliona kitu chekundu kati ya magugu maji. Alidhani ni mfuko. Kisha mfuko ule ukawa na nywele. Alijirusha, mtumbwi ukagonga nguzo ya ngazi, geti likaanguka na kuvunjika fito za chini, na yeye akaibuka na Tép mikononi, midomo ya mtoto imekuwa bluu, kichwa kinaning'inia.

Mzee Tám alimpokonya. Akafanya alichoona kikifanywa na baba yake na wajomba zake. Alimshika miguu, akamtupa begani kichwa chini mgongo juu, akaanza kukimbia kuzunguka uani ili maji yatoke. Watu wakamfungulia njia, wakampa moyo. "Kimbia, Tám! Mtikise! Mtikise!" Hivyo ndivyo walivyokimbizwa, katika nyua hizi hizi, wengi wa wale walio kwenye picha za madhabahuni.

"Mweke chini!" Diễm alimkata njia. "Mweke chini, mzee! Unampotezea muda wake!"

"Maji yata—"

"Chini!"

Hakuna aliyewahi kumfokea Mzee Tám uani kwake. Akamlaza mtoto kwenye mbao. Diễm alipiga magoti, akakiinua kidevu kile kidogo, akafunika pua na mdomo kwa mdomo wake na kupuliza. Kifua kikapanda. Akapuliza tena na tena, kisha akakandamiza kifua kwa kitako cha kiganja kimoja, tena na tena, akihesabu kwa sauti ndogo, na watu waliokuwa wakipiga kelele wakamzunguka. Bibi Tám aliushika mguu wa mtoto tu, kisigino, basi. Mzee Tám alisimama kando yao. Alikuwa anamwomba kila mtu aliyelala madhabahuni. Chukueni kibao, alikuwa anasema kimoyomoyo, chukueni kiti cha uenyekiti, nichukueni mimi.

Wakati huo Makamu alikuwa anatoka msalani. Alikwenda huko makofi yalipopigwa na hakujua lolote. Aliona duara la watu, muuguzi amepiga magoti, mtoto amelala amelowa, mtu mwingine amelowa pembeni. Uso wake ukang'aa.

"Hii ndiyo elimu kwa vitendo!" alisema, akaanza kupiga makofi. "Hata maji wameweka! Hata magugu!"

Alipiga makofi peke yake. Yalisikika vibaya sana. Aliendelea kidogo, kila kofi dogo kuliko lililotangulia, hadi alipoutazama uso wa Bibi Tám, na mikono yake ikabaki hewani haijui pa kwenda.

Tép alikohoa. Maji yalimtoka, na wali wa asubuhi, kisha ikamtoka sauti, kilio kibovu cha kukwaruza. Mzee Tám alikaa chini matopeni na suruali yake ya risala.

"Aende hospitali sasa hivi," alisema Diễm. "Mtoto aliyemeza maji haachwi nyumbani hata akilia vizuri. Gari."

"Gari ni la serikali," Makamu alisema, kwa mazoea tu maskini, akasikia alichosema, akaona aibu. "Lipo. Chukueni."

Kiti cha nyuma kilikuwa na mzigo. Kilikuwa na kibao cha shaba, kikubwa kama mlango wa kabati, kimefungwa kwa utepe mwekundu, jina la Rạch Bần limeshachongwa pamoja na tarehe ya siku ile. Diễm alikivuta kwa mkono mmoja, akakiegemeza kwenye kasiki lililofunikwa kofia, akaingia na mtoto. Bibi Tám aliingia baada yake, hakumtazama mumewe. Gari likaondoka. Hivyo ndivyo Kitongoji cha Rạch Bần kilivyotunukiwa.

Wageni wengine walirudi kwa pikipiki za kukodi. Supu iliganda. Út alikaa na Mzee Tám hadi geti likasimama tena mahali pake, na safari hii hakufanya mzaha hata mmoja, jambo lililomtisha mzee kuliko kelele zote. Fito zilizovunjika ziliacha tundu chini, kiasi cha mtoto kupenya.

Jioni ilipoingia, Bibi Tám alituma neno kutoka hospitali kwamba mtoto amelala, anapumua vizuri, watamshikilia aangaliwe. Kisha simu ikalia, na uso wa Tín ukatokea, amechoka, bado ana gundi ya viatu kwenye vidole.

"Baba? Mama yuko wapi? Haya, nionyeshe geti."

Mzee Tám aliigeuza simu. Geti lilikuwepo, limesimama, komeo limefungwa. Kwenye simu lile tundu la chini halikuonekana. Angeweza kusema mama amekwenda kwa Bibi Chín, mtoto amelala. Yote mawili yalikuwa yamekaa ulimini, tayari, laini, kama ile "zote" aliyowaambia wilaya.

"Lipo," Tín alisema. "Sawa. Habari za huko?"

"Lipo sasa," alisema Mzee Tám. "Asubuhi halikuwepo, mwanangu. Niliwapa watu walitazame. Na mtoto akapita."

Uso wa Tín ukasogea karibu na simu.

"Yuko hai. Yuko na mama yako hospitali, yuko hai. Lakini nililiona bango likitikisika, Tín. Nililiona, nikamaliza kwanza kuongea." Alilia, mwenyekiti mzima, na kule kiwandani mwanawe alikuwa amekaa sakafuni analia pia, na hakuna hata mmoja aliyekata.

Tép alirudi na kikohozi na pipi. Bibi Tám alimweka chini, akalikagua geti, akaliona lile tundu. Alitafuta ubao, hakupata wa kutosha. Akatoka nje, akarudi na kibao cha shaba, akang'oa utepe, akakilaza kwa ubavu juu ya tundu na kukipigilia misumari, mmoja katikati kabisa ya neno "Salama". Mzee Tám ndiye aliyemshikia misumari. Kilifiti kana kwamba kilipimwa.

Vile vibao vyekundu alivibandua mwenyewe, na mbao zake zikaishia kwenye mageti ya watu, moja kwa Bibi Chín, moja kwa Sáu Bền, na kadhalika, polepole, kwa kubembeleza. Ofisi ya wilaya ilipopiga simu tena kuuliza ni nyumba ngapi zina mageti, alisema bado anahesabu. Mwenyekiti wa ng'ambo alicheka sana aliposikia.

Mwaka uliofuata Makamu alikuja kukagua kama kibao kimetundikwa mahali pa heshima. Alitafuta ukutani, akatafuta barazani, akatafuta hata karibu na madhabahu.

"Kiko jikoni, mheshimiwa," Mzee Tám alisema. "Ila lazima uiname."

Makamu aliinama. Hakukiona vizuri. Akachuchumaa kwa shida, mkono kwenye geti, uso wake ukafika pale pale ambapo uso wa Tép ulikuwa, kwa sababu Tép alikuwa amesimama kando yake, anaupungia mtumbwi mkono. Alianza kusoma, kisha akaacha. Kati ya fito, mbele kabisa ya pua yake, hakuona ngazi wala jirani wala miti ya ng'ambo. Aliona maji tu, yamejaa, yanang'aa, yapo hapo hapo.

"Mbona ni karibu hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukiwa mfupi," alisema Mzee Tám, akachuchumaa naye, akaangalia kama komeo limefungwa.